Aliyelazimishwa Halii

Simu iliita wakati mikono ya Tamdrin imezama kwenye unga hadi viwikoni. Mkewe, Nyidon, ndiye aliyeichukua pale dirishani, akaitazama namba, uso ukamsawijika.

"Ni ya kwenu," alisema.

Katika chumba kile cha kupanga kaskazini mwa India, kilichokuwa jiko, sebule na mahali pa kulala pamoja, neno "kwenu" halikuwa na maana mbili. Lilikuwa na maana ya mbuga za Amdo, Tibet, upande wa pili wa milima, alikotoka Tamdrin akiwa kijana wa kuchunga yaki, ng'ombe wa manyoya marefu. Tangu kaka yake aombe asipigiwe tena, kwa usalama wa wote, maana serikali ya China husikiliza simu za kule, ilikuwa imepita miaka minne. Na sasa anapiga mwenyewe, asubuhi kweupe, tena simu ya picha.

Tamdrin alijipangusa mikono kwenye suruali, akaipokea. Uso wa Gonpo, kaka yake, ulijaa kwenye kioo. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na nywele za pembeni zimekuwa nyeupe kama chumvi.

"Umezeeka, mdogo wangu," alisema Gonpo.

"Na wewe umekonda, kaka. Mama hajambo?"

Gonpo alitupa jicho pembeni, haraka, kama mtu anayeomba ruhusa. "Hajambo. Amelala. Anakusalimu."

"Mwamshe nimwone!"

"Amelala," alirudia Gonpo. "Tamdrin, nisikilize. Rabten wamemchukua."

Rabten alikuwa mwana wa pekee wa Gonpo, kijana aliyekuwa akifundisha hesabu katika shule ya wilaya. Tamdrin alimwacha akiwa bado wa kubebwa mgongoni.

"Amefanya nini?"

"Wamekuta picha kwenye simu yake. Yako. Umeshika kipaza sauti, nyuma yako bendera ya Tibet. Mwezi wa pili huu hatujamwona." Alitazama pembeni tena. "Nina mgeni hapa. Anataka kuongea nawe."

Kioo kilionyesha dari ya mbao, kisha kiganja, kisha kikatulia kikitazama birika ukutani. Mgeni mwenyewe hakujionyesha. Sauti yake ilikuwa ya upole, na kilichomshtua Tamdrin ni kwamba ilikuwa ya nyumbani kabisa: lahaja ya bonde lao, na ule mkokoto wa mwisho wa neno ambao watu wa bonde la jirani huucheka.

"Kaka Tamdrin, habari za siku nyingi. Nasikia mikate yako ni mitamu sana, mtu akichelewa hapati hata kipande."

"Wewe nani?"

"Mtu wa hapahapa. Mama yangu na mama yako wamekamua yaki mbuga moja. Usiniogope. Mimi ndiye ninayepaswa kukuuliza wewe ni nani."

"Jina langu unalo."

"Jina ninalo, ndiyo. Nauliza wewe ni mtu gani. Mhindi?"

"Hapana."

"Pasipoti unayo?"

Tamdrin alibandua unga uliokauka kwenye kucha.

"Huna. Una kitambulisho kilichoandikwa 'mgeni'. Ukitaka kulala mji mwingine unaripoti polisi kama mwizi aliyetoka jela. Ardhi hununui. Chumba ni cha Mhindi. Binti yako kazaliwa hapo, ukimwambia amkamue yaki atakimbia, na lugha yenyewe nasikia anaichanganya na Kihindi. Sasa, kaka, nikikuita mtu wa wapi nitakuwa sijakutukana?"

Watu wengine wangedhani Tamdrin aliumizwa na kejeli. Kejeli alikuwa ameizoea. Kilichomchoma ni kuwa hakuna hata neno moja katika maneno yale ambalo hakuwahi kujiambia mwenyewe akiwa peke yake mbele ya tanuri.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Kitu kidogo tu. Jirekodi video. Sema umechoka. Sema ulidanganywa ulipokwenda huko, na unataka kurudi kwenu. Kipaza sauti cha maandamano kiweke chini, waachie wengine. Na nyuma yako pasiwe na zile picha zenu. Ukuta mtupu. Ukifanya hivyo kijana anarudi kwa baba yake. Mama yako mzee, kaka. Mfurahishe."

Simu ikakatika. Donge la unga lilikuwa limeanza kuota ngozi juu.

*

"Usithubutu," alisema binti yao, Choezom.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko nyumbani akingoja majibu ya chuo cha uuguzi. Chai ya siagi ilipoa mbele yao, hakuna aliyeigusa.

"Rabten yuko ndani, mwanangu," alisema Nyidon.

"Najua yuko ndani, Mama! Unafikiri mimi sina roho? Lakini leo ni video. Kesho je? Mtu kama yule hawezi kushiba. Halafu mimi nikipita sokoni niitwe binti wa nani? Binti wa Tamdrin aliyetukana safari yetu ya ukimbizi?"

"Wewe safari gani umesafiri?" aliuliza baba yake. "Umezaliwa hospitali ya hapo chini."

Alijuta kabla hajamaliza kusema. Choezom aliinamisha uso, akaanza kuchambua uzi wa zulia.

Nyidon alisogeza vikombe. Yeye alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi kusini mwa India, katika joto na mashamba ya mahindi; theluji aliiona mara ya kwanza alipoolewa.

"Usiniangalie mimi," mumewe alimwambia. "Wewe huna mtu kule. Huwezi kujua."

"Sina," alisema Nyidon taratibu. "Baba yangu alikufa shambani kule kusini. Sanduku lake la safari halikuwahi kufunguliwa, eti mwakani tunarudi. Mama naye hivyohivyo. Ndiyo maana nakwambia fanya, Baba Choezom. Kungoja nimekuona kunavyoua. Kama yupo mmoja anayeweza kufunguliwa mlango, afunguliwe."

Choezom alinyanyuka, akatoka nje akiacha mlango wazi, baridi ya Machi ikaingia.

*

Kabla ya kufanya lolote, Tamdrin alikwenda kwa Mwalimu Jampel. Huyu alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa mkoa wao, mwalimu mstaafu mwenye miwani mizito, aliyeheshimika toka mtaa wa juu hadi hekaluni. Yeye ndiye aliyemkabidhi Tamdrin kipaza sauti miaka ile, kwa sababu ya koo lake. Kila tarehe kumi Machi, siku ya kukumbuka maasi ya Tibet, watu walipoandamana kushuka mlima, sauti ya Tamdrin ndiyo iliyouliza "Tibet ya nani?" na umati ukaitikia "Yetu!" hadi nyani wakakimbia kwenye misonobari.

Mwalimu alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Kama mwenyekiti," alisema, "nakukataza. Hiyo video wataizungusha dunia nzima."

"Najua, Mwalimu."

"Lakini mimi nina dada kule." Aliitazama tasbihi yake. "Kama mtu mwenye dada, siwezi kukwambia umwache kijana wa watu aozee ndani. Fanya. Watu nitawaeleza mimi."

"Utawaeleza kweli? Kwamba nimeshikwa pabaya?"

"Tamdrin, nimekufahamu toka umefika hapa miguu imevimba kwa baridi. Nitasimama mbele yao niseme. Hiyo niachie."

Tamdrin alitaka kumbusu mikono. Alirudi nyumbani akipanda ngazi mbilimbili.

*

Ukuta mtupu haukuwepo. Chumba kilikuwa na kuta nne: mmoja una madhabahu, vikombe saba vya maji na picha ya Dalai Lama iliyovishwa kitambaa cheupe, mwingine una ramani ya Tibet aliyoichora Choezom darasa la tano, wa tatu ni dirisha na mlango. Ulibaki ule wa nyuma ya pipa la maji, ulioliwa na moshi. Nyidon alilisukuma pipa, akaufuta ukuta kwa kitambaa, akauacha na madoa marefu kama ramani ya nchi isiyojulikana.

"Nisimame au nikae?" aliuliza Tamdrin.

"Kaa. Ukisimama utaonekana unahutubia."

Nyidon alishika simu, lakini kila mara kidole chake kiliziba kamera. Choezom, aliyekuwa ameapa kutoshiriki, alimwangalia mama yake akihangaika. Mwishowe akainuka, akamnyang'anya simu.

"Lete. Mtatuaibisha mara mbili."

Mara ya kwanza Tamdrin aliyasema maneno ya mgeni kama mtoto wa shule anayesoma risala. Naitwa fulani. Nimechoka. Nilidanganywa. Choezom aliizima.

"Baba, hiyo wataikataa. Hata kipofu atajua umekaririshwa."

"Basi niseme vipi?"

"Sijui! Mimi si mwongo wa kazi!"

Nyidon alimpa maji. Tamdrin alikunywa, akalitazama lile jicho dogo jeusi la simu. Akaanza tena.

"Naitwa Tamdrin Kyab. Naoka mikate. Nimechoka." Alipaswa sasa kusema kwamba alidanganywa na watu wabaya, na ulimi ukakataa, ukachepuka njia nyingine. "Mama, mimi ni Tamdrin. Nilikwambia naenda kutafuta ndama aliyepotea. Ulinipa mtindi kwenye kibuyu, ukaniambia nisichelewe. Kibuyu kile kilipasuka kwa baridi huko juu mlimani. Mama, huku nimekula kila kitu, mtindi kama ule sijaupata. Nimechoka kuwa mgeni. Nataka kurudi nyumbani. Usiende popote. Ningojee."

Akalia. Hakulia kama mtu mzima, kwa machozi mawili ya heshima. Alilia hadi kamasi zikatoka, mabega yakipanda na kushuka, kichwa kikigonga ukuta ule wa madoa. Choezom alisahau kuizima simu. Alipokumbuka, ilikuwa imemeza yote.

"Hayo hayakuwa maneno yao," alisema.

"Hayakuwa."

"Ni kweli? Unataka kurudi?"

Tamdrin alikuwa akinawa uso kwenye beseni.

"Miaka yote unatuimbia pale barabarani, kumbe unataka mtindi," alisema Choezom, na sauti yake haikuwa ya dhihaka, ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Wewe una pa kurudi hata kama pamefungwa. Na mimi? Mimi nirudi wapi, Baba? Kwenye mahindi ya bibi?"

Alituma ile video mwenyewe, kwa kidole chake, halafu akalirudisha pipa la maji mahali pake.

*

Video ilitokea mtandaoni siku mbili kabla ya maandamano, imetiwa muziki wa zumari na picha za maua ya mbugani. Juu yake waliandika kwamba kiongozi wa waandamanaji ameona mwanga. Mpaka jioni kila simu ya mtaani ilikuwa nayo.

Asubuhi iliyofuata Nyidon alikaa na kapu lake la mikate kwenye ngazi za sokoni kama kawaida. Mikate ilikuwa ya duara, mikubwa kama sinia, bado inafuka. Watu walipita. Walimtazama Nyidon, wakautazama mkate, wakanunua biskuti za dukani. Jua lilipopanda, madereva wa teksi wa Kihindi walimzunguka.

"Dada, leo mbona imebaki? Tupe nusu bei."

Akawapa.

Mwenye nyumba, Mhindi mpenda mzaha, alimkuta Tamdrin akipasua kuni. "Bwana Tamdrin! Nimekuona kwenye simu! Kumbe unahama, hata huniambii? Chumba kuna watu wanakitaka." Alicheka mwenyewe, akampiga bega. Hakuwa na nia mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mama Sithar alikuwa bibi wa miaka themanini na ushei aliyelizunguka hekalu kila asubuhi, na kila asubuhi Tamdrin alimpa mkate bila kumtoza kitu. Siku hiyo aliurudisha. Aliuweka kwenye kizingiti kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeweka mzigo wa maiti.

"Mama, mtoto wa kaka yangu yuko kifungoni," Tamdrin alimwambia. "Walinilazimisha."

Bibi alimtazama kwa macho yaliyofunikwa na utandu. "Mwanangu, mimi wanangu wawili walilazimishwa. Nilikuwepo, niliwaona uwanjani mbele ya umati. Walisema kila walichoambiwa waseme, na macho yao makavu kama jiwe. Aliyelazimishwa halii. Wewe ulilia."

Tamdrin angejibu nini? Angesema kwamba alilia kwa sababu ilikuwa kweli? Aliuokota mkate, akaingia ndani.

*

Jioni ile chama cha mkoa kiliitisha kikao. Ukumbi ulijaa, vijana wamekaa hadi madirishani. Tamdrin alikwenda na mkewe. Choezom alikwenda pia, lakini alikaa nyuma, peke yake.

"Mimi nina swali moja tu," alisema kijana mmoja wa ndevu chache. "Kama mzee wetu amechoka, si aende? Basi la kushuka mjini lipo stendi. Tumchangie nauli?"

Ukumbi ulicheka. Nyidon aliikaza skafu kichwani.

Tamdrin alisimama. "Ndugu zangu, mtoto wa kaka yangu yuko mikononi mwao. Sikufanya kwa siri. Kabla sijafanya nilikwenda kwa Mwalimu Jampel, nikamweleza kila kitu. Yeye atawaambia."

Vichwa viligeuka kama shamba la shayiri kwenye upepo. Mwalimu Jampel, mezani mbele, alikuwa amevua miwani na anaifuta. Alikifuta kioo kimoja, akafuta cha pili, akarudia cha kwanza. Bila miwani uso wake ulionekana mdogo, wa mzee aliyeogopa.

"Watu wengi huja kwangu," alisema. "Wanaongea mengi. Mimi ni mzee, sikumbuki kila neno."

"Mwalimu," alisema Tamdrin.

"Ninachokumbuka ni kwamba nilikukataza."

Hakusema uongo. Alikuwa amemkataza, kama mwenyekiti. Tamdrin akaketi. Walipiga kura ya mikono: kipaza sauti apewe yule kijana wa ndevu. Hakuna aliyepinga. Nyuma ya ukumbi Choezom naye aliunyoosha mkono wake. Baba yake aliuona.

*

Maandamano yalipopita, Tamdrin alijifungia, akakanda unga usio na mnunuzi. Alimsikia kijana wa ndevu akiuliza "Tibet ya nani?" kwa sauti iliyopasuka mapema, na umati ukiitikia. Mdomo wake uliitikia pia, bila sauti.

Majira ya kupalilia viazi yalipofika, ujumbe wa sauti uliingia kutoka namba ngeni. Ulikuwa wa Gonpo, aliyekuwa akinong'ona, upepo mkali ukivuma nyuma yake. Inaonekana alikwenda mbali mbugani kuurekodi.

"Mdogo wangu, Rabten amerudi. Sikio la kushoto halisikii, na hataki kukaa na mlango umefungwa, lakini amerudi. Kazi ya ualimu hana. Ahsante. Nakuinamia. Sasa kuna jambo, nisamehe. Mama hayupo. Alifariki vuli iliyopita, kabla hata hawajamchukua Rabten. Nilikatazwa kukwambia. Yule mtu alikaa mbele yangu, akaniambia nikisema, mtoto simwoni tena. Niliposema amelala, Tamdrin... nisamehe. Usinitafute kwa namba hii."

Tamdrin aliusikiliza akiwa amesimama. Akausikiliza tena. Kisha akamkabidhi mkewe simu, akaenda kukaa kwenye kile kipande cha sakafu kati ya pipa la maji na ukuta. Nyidon alisikiliza, akaufunika mdomo. Vuli iliyopita. Kwa hiyo pale alipomwomba mama yake asiende popote, mama alikuwa ameshakwenda, amepita njia zote ambazo wafu hupita, hata zile siku arobaini na tisa za kumwelekeza kwa sala zilikuwa zimekwisha zamani. Na watu wa dunia nzima walikuwa wametazama.

Hekaluni, kwenye kibanda ambako taa za siagi huwashwa kwa ajili ya wafu, mhudumu aliinua kalamu Tamdrin alipofika.

"Jina la marehemu?"

"Dukar Kyi."

"Amefariki lini?"

"Vuli."

Mhudumu aliinua uso, akamtambua. "Vuli ya mwaka jana? Ndiyo unakuja leo? Mama mzazi?"

"Mama mzazi."

Yule mtu alitikisa kichwa, akaandika. Watu wa mkoa wao, ambao kwa desturi hujaa nyumbani kwa mfiwa na vitambaa vyeupe na chupa za chai, hawakuja. Nyidon alikuwa ameazima vikombe, akavirudisha havijalowa. Choezom peke yake ndiye aliyekaa na baba yake mbele ya madhabahu. Baada ya muda aliuegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa baba yake, kama alivyokuwa akifanya utotoni, wakakaa hivyo hadi taa zikaanza kuzimika. Wiki iliyofuata majibu ya chuo yalitoka, akashuka na basi kwenda mji wa mbali. Kwenye kibali cha kusafiri bado aliandikwa mgeni.

*

Yule mgeni wa kwenye simu alipiga tena siku ya mvua za kwanza za monsuni, katikati ya mwaka. Safari hii hakumtanguliza mtu.

"Kaka Tamdrin! Video ile ilikuwa nzuri mno. Wakubwa walilia. Ile ya mtindi! Mimi mwenyewe nilimpigia mama yangu."

"Mama yako yuko hai?"

"Mambo ya kazi, kaka. Usiyaweke moyoni. Rabten hajambo?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Hajambo. Na tungependa aendelee kutokuwa na jambo. Tena ualimu wake unaweza kurudi. Sasa hivi sikuombi video. Nataka majina machache tu. Wanaokuja kwenye kile kikao chenu cha mkoa, nani ana ndugu huku, na ndugu wa nani. Yule Mwalimu wenu wa miwani, kwa mfano. Nasikia ana dada."

Tamdrin alikuwa peke yake chumbani. Nyidon alikuwa sokoni na kapu lake. Maji ya mvua yalitiririka kwenye bati, na kupitia dirishani aliweza kuuona mtaa mzima: mlango wa Mwalimu Jampel uliopakwa rangi ya buluu, duka ambalo halikumkopesha tena, nyumba ya yule kijana wa ndevu. Jina la yule dada alilijua. Kijiji alikijua. Jampel mwenyewe alimsimulia zamani, wakinywa pombe ya shayiri usiku wa mwaka mpya, huku akilia.

"Kaka, naelewa moyo wako," alisema mgeni, na sauti yake ilijaa huruma ya mtu wa nyumbani. "Wamekutenga. Mkeo anauza mikate kwa madereva. Mama amefariki hawakuja hata kukupa pole. Na kosa lako ni nini? Kumwokoa mtoto. Hao watu unawafichia nini? Wamekufanyia nini cha maana?"

"Hakuna," alisema Tamdrin.

"Umeona?"

"Hakuna walichonifanyia."

"Basi nitajie. Taratibu. Naandika."

Tamdrin aliutazama ule mlango wa buluu. Ulifunguka, Mwalimu Jampel akatoka na mwavuli, akakanyaga dimbwi, akatikisa mguu kama paka. Alionekana mzee kweli. Hasira iliyompanda Tamdrin ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilibidi ashike ukingo wa meza ya unga. Jina lilikuja hadi kwenye meno. Alilisikia lilivyo, herufi zake zote.

"Mimi hapa simjui mtu," alisema.

"Kaka."

"Waulize wote mtaani. Watakwambia hata wao hawanijui."

"Fikiria Rabten."

"Namfikiria," alisema Tamdrin. "Kila siku namfikiria." Akaizima simu, akatoa laini, akaikunja mpaka ikavunjika, vipande akavitupa kwenye moto wa tanuri, vikatoa moshi mweusi wa kunuka. Kwa kuivunja laini ile alivunja pia njia pekee ambayo Gonpo angeweza kumpata, na alilijua hilo wakati moshi ungali puani. Rabten alibaki kwake, au alichukuliwa tena. Tamdrin hakuja kujua kamwe.

Nyidon alirudi amelowa, kapu limejaa nusu.

"Nani alipiga?"

"Wamekosea namba," alijibu.

Alichukua ile mikate iliyobaki, akaenda kuketi yeye mwenyewe kwenye ngazi za sokoni ili mkewe ajikaushe. Mwalimu Jampel alikuwa akirudi na mwavuli wake. Alipofika hatua chache kutoka kwenye kapu alimwona muuzaji ni nani, akainamisha mwavuli ukafunika uso wake, akavuka barabara.

"Mikate!" aliita Tamdrin kwa lile koo lake, na wapita njia wawili watatu wakashtuka. "Mikate ya moto!"

Ilikuwa imeshapoa tangu asubuhi.